Bahari ya zamani ya Kolwezi na bandari za shaba ya leo

Mji wa Kolwezi umekaa juu ya uwanda wa Manika, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Muanda, kwenye kipande kifupi cha pwani ambacho Kongo inacho kule Atlantiki, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege. Wengi wanaozaliwa Dilala au Manika wanazeeka bila kuonja maji ya chumvi. Lakini mawe yanayotoka Kamoto, Musonoi na KOV, yale yanayopakiwa kwenye malori usiku na mchana, hapo zamani yalikuwa matope ya bahari. Hilo si fumbo wala hadithi ya kando ya moto. Linaonekana kwenye mwamba wenyewe, na ndilo lililoifanya Lualaba iwe nchi ya shaba na kobalti.

Sasa bahari hiyo ilikwenda wapi? Wengi hujibu kwamba ilikauka. Jibu hilo linapotosha, na upotoshaji wake si mdogo, maana fikra hiyo hiyo inarudi leo watu wanapozungumza juu ya bahari inayopanda kwenye bandari ambako shaba ya Kolwezi inapakiwa. Watu hutazama maji tu. Ardhi iliyo chini ya maji wanaisahau, kana kwamba imepigiliwa misumari.

Mfikirie mvuvi aliyesimama mtoni, maji yakimfika kiunoni. Baada ya muda maji yanamfika kifuani. Pengine mto umejaa. Pengine pia mto uko vile vile, na miguu yake ndiyo inayozama kwenye matope. Akiwa pale katikati, bila kutazama ukingo, hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Ndivyo ilivyo kwa kila pwani ya dunia. Kile kinachoitwa usawa wa bahari, mahali fulani, ni tofauti kati ya uso wa maji na ardhi iliyo chini yake, na vyote viwili vinatembea.

Herufi za karieri

Waliofanya kazi Union Minière, na baadaye Gécamines iliyochukua nafasi yake mwaka 1967, walirithi lugha ya herufi. Kutoka chini kwenda juu, matabaka yenye madini ya Kolwezi yanasomwa hivi: RAT, DStrat, RSF, RSC, SD, CMN. Ni vifupisho vya Kifaransa, na kwa mgeni havina ladha yoyote. Kwa anayejua kuvisoma, kila kimoja ni ukurasa wa historia ya bahari ile.

RAT ni mwamba wa udongo na ulanga. Sehemu kubwa yake ni nyekundu, na wekundu huo ni wa chuma kilichopata hewa, yaani matope yaliyolala mahali pakavu au kwenye maji haba sana. Halafu rangi inageuka ghafla kuwa kijivu. Juu yake zinafuata DStrat na RSF, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba kama kurasa za kitabu. Ndani yake kuna alama za fuwele za jasi, ambazo huota pale tu ambapo maji ya chumvi yanachomwa na jua mpaka yanakuwa mazito. Hapo ilikuwa rasi ya maji ya chumvi, yaani ghuba iliyokaribia kufungwa, ambayo hewa haikufika vizuri chini yake. Hapo ndipo shaba ya chini iliponaswa.

Kisha inakuja RSC, mwamba mgumu uliojaa matundu. Wachimbaji hawaipendi sana kwa sababu mara nyingi iko katikati ya madini mawili huku yenyewe ikiwa tasa, isipokuwa pale malakiti ilipoingia kwenye matundu. Lakini kwa swali la bahari, RSC ndiyo shahidi mkuu. Ilijengwa na viumbe vidogo mno, jamaa wa bakteria, vilivyoishi kwa mwanga wa jua na kushikanisha matope vipande kwa vipande mpaka yakawa vichuguu vya mawe chini ya maji. Viumbe wa namna hiyo bado wako hai leo katika ghuba chache za dunia. Wanahitaji mwanga, na mwanga unahitaji maji mafupi. Kwa hiyo, RSC ilipokuwa inajengwa, bahari ya Kolwezi haikuwa na kina kirefu.

Juu ya RSC kuna SD, mwamba mweusi wa matope laini, nao umebeba shaba ya juu. Maji yalikuwa yamezidi kina na kutulia. Halafu CMN, na juu ya CMN matabaka mengine na mengine tena.

Hapa hesabu inaanza kushangaza. Matabaka yote ya bahari ile, ambayo wanajiolojia wanayaita ya Katanga, yakipangwa moja juu ya jingine yanafikia unene wa kilomita 5 mpaka 10 hivi. Yalianza kulala chini miaka isiyozidi milioni 880 iliyopita na yakaendelea kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Lakini bahari haikuwa na kina cha kilomita 10. Mara kwa mara matabaka hayo yanaonyesha maji mafupi, mwanga, chumvi, hata nyufa za matope yaliyokaukia juani. Unawezaje kurundika kilomita nyingi za matope kwenye maji ya kumfikia mtu magotini? Iko njia moja tu: sakafu ilikuwa inazama huku matope yakiijaza.

Sakafu ilizama kwa sababu mbili zilizosaidiana. Kwanza, bara kubwa la zamani lilikuwa linavutwa pande mbili. Ganda la dunia likivutwa huwa jembamba, kama unga uliokandwa, na mahali pembamba hushuka. Pili, ganda hilo linaelea juu ya mawe ya moto yaliyo mazito zaidi, ambayo yanatiririka polepole sana kama lami. Mtumbwi ukiwekewa gunia la mahindi unazama kidogo, gunia likitolewa unainuka. Matope yaliyoingia baharini yalikuwa gunia. Kadiri yalivyorundikana ndivyo yalivyoisukuma sakafu chini, na nafasi ikapatikana ya matope mengine. Kwa mtu ambaye angesimama ufukweni siku zile, bahari ingeonekana inapanda. Ardhi ndiyo iliyokuwa inashuka.

Barafu ya Kakula

Kuna ukurasa mmoja ambapo maji yenyewe yalibadilika kweli. Magharibi ya Kolwezi, mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza kutoa shaba mwaka 2021, na mwamba wake si RSF wala SD. Madini yake yako chini kabisa ya tabaka ambalo Wabelgiji waliliita Grand Conglomérat, matope magumu yaliyochanganyika na kokoto za kila namna, kubwa kwa ndogo, bila mpangilio. Mchanganyiko kama huo huachwa na barafu. Zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita dunia ilipita katika baridi kali kiasi kwamba barafu ilifika hata nchi zilizokuwa karibu na ikweta.

Barafu ikirundikana juu ya nchi kavu, maji hayo yametoka baharini, kwa hiyo bahari hupungua. Wakati huo huo barafu ni gunia lingine juu ya mtumbwi: nchi iliyo chini yake inazama. Ikiyeyuka, bahari inajaa na nchi inainuka, lakini si kwa mwendo mmoja. Maji hurudi upesi, mwamba huchukua maelfu ya miaka. Mambo hayo mawili yakichanganywa, pwani moja inaweza kuona bahari ikipanda wakati pwani nyingine inaiona ikishuka, na zote mbili zinasema kweli.

Jinsi bahari ilivyotupwa nje

Kati ya miaka milioni 600 na 500 iliyopita, mabara mawili ya zamani yaligongana, moja kutoka kaskazini, jingine kutoka kusini. Matabaka ya bahari ya Katanga yalikuwa katikati. Yalikunjwa na kukatwa, yakasukumwa kilomita nyingi kutoka mahali yalipozaliwa. Upinde wa shaba unaoonekana kwenye ramani, kutoka Kolwezi kupitia Likasi na Lubumbashi mpaka Zambia, ni alama ya msukumo huo. Kolwezi yenyewe ni kisa cha pekee: mawe yake ya zamani yamelala juu ya mawe yaliyo machanga kuliko yenyewe, kama mzee aliyebebwa mgongoni na mjukuu. Kipande kizima kilichanwa na kusukumwa mpaka kikapanda juu. Wajiolojia wa kampuni, kama Armand François aliyetumia miaka mingi kuyachora matabaka haya, walikiita kwa Kifaransa kiraka cha Kolwezi.

Chumvi ya zamani ilisaidia. Chumvi na jasi ni laini, na chini ya uzito hutiririka na kuteleza. Zilipoyeyuka na kuondoka, mwamba uliokuwa juu yake ulivunjika vipande vipande. Ndiyo maana mchimbaji wa Kolwezi, awe mhandisi mwenye mashine au creuseur mwenye sururu na kamba, anaweza kufuata tabaka zuri mita hamsini, kisha likakatika kama limekatwa kwa kisu, na mbele yake hakuna kitu isipokuwa RAT iliyosagika. Hakurogwa. Amefika ukingoni mwa kipande kilichovunjika miaka nusu bilioni iliyopita.

Milima iliyozaliwa na mgongano huo imeshaliwa na mvua. Mita 1,400 za leo si zake. Kusini mwa Afrika kote, uwanda wa juu uliinuliwa baadaye sana, na wengi wanaouchunguza wanaona nguvu hiyo ikitoka chini kabisa, kwenye mawe ya moto yanayopanda taratibu na kulisukuma bara kutoka tumboni. Nguvu hiyo itarudi kwenye kisa hiki, kwa sababu bado inafanya kazi.

Kwa kifupi, bahari ya Kolwezi iliingia kwa sababu sakafu ilizama, na ikaondoka kwa sababu sakafu iliinuliwa.

Waliosoma nchi kabla ya wanajiolojia

Hakuna Mbelgiji aliyegundua shaba ya Lualaba. Wala shaba, kama walivyoitwa mafundi wa zamani, walijua vilima vyenye madini kwa kuvitazama tu: vilima vipara, visivyo na miti, vyenye majani na maua madogo yanayovumilia sumu ya shaba. Walichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, na kuimimina kuwa misalaba.

Msiri wa Bunkeya alipouawa Desemba 1891, msafara mwingine ulikuwa njiani, ulioongozwa na Lucien Bia na baada ya kifo chake na Émile Francqui. Ndani yake alikuwemo mwanajiolojia kijana, Jules Cornet. Mwaka 1892 alipita nchi ya shaba akiandika mawe aliyoyaona, na ripoti zake ndizo zilizoufungulia macho utawala wa Leopold na, mwaka 1906, Union Minière. Hiyo ndiyo sehemu ya Cornet inayosimuliwa sana, na si sehemu nzuri, ukikumbuka yaliyofuata. Isiyosimuliwa ni nyingine. Cornet alitazama pia mto Lualaba, na akatambua kwamba nchi aliyokuwa akiipita haijatulia.

Upemba, mahali ardhi inapozama

Lualaba unazaliwa karibu na mpaka wa Zambia na kupita polepole juu ya uwanda. Chini kidogo ya Kolwezi unaingia kwenye makorongo ya Nzilo. Ndani ya kilomita 72 unashuka zaidi ya mita 450, na hapo ndipo Wabelgiji walipoweka mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke katika miaka ya 1950, yanayolisha migodi hadi leo. Baada ya maporomoko hayo mto unatulia ghafla. Umefika Upemba, nchi ya maziwa na matete, kama mita 600 tu juu ya bahari: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo, kuanzia Bukama kuelekea chini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Cornet aliandika kwamba Upemba si bonde lililochimbwa na mto. Ni kipande cha ardhi kilichoshuka kati ya nyufa mbili, na safu za milima zilizo kila upande ni kingo zilizobaki juu. Leo inajulikana kwamba Upemba ni tawi la Bonde la Ufa, ndugu mdogo wa Tanganyika. Na haujamaliza kushuka. Tarehe 11 Septemba 1992 tetemeko lenye nguvu zaidi ya 6 lilipiga karibu na Kabalo na kuua watu. Tarehe 5 Desemba 2005 jingine la 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba Kalemie.

Ukitaka kuona jinsi bahari ya Katanga ilivyokuwa inajazwa, Upemba ni darasa. Sakafu inashuka kidogo kidogo, mto unaleta matope, na matope yanakaribia kwenda sawa na mshuko. Matokeo yake ni maziwa mapana yasiyo na kina. Tanganyika ni kinyume chake: sakafu imeshuka upesi kuliko matope yanavyoweza kuijaza, na kina chake kinapita mita 1,400.

Watu waliishi vizuri kwenye nchi hiyo inayozama. Sanga, ukingoni mwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendelea katika miaka ya 1970. Walikuta vyombo vya udongo vilivyotengenezwa kwa ustadi, vifaa vya uvuvi, pembe za ndovu, na shaba. Wakaazi wa kwanza wa makaburi hayo makubwa waliishi tangu karne ya 8 hivi. Katika karne za baadaye misalaba ya shaba inakuwa midogo na inayofanana, mpaka inaonekana wazi kwamba ilikuwa fedha. Kisale haina shaba. Ilitoka kusini, mamia ya kilomita, kwenye vilima vipara, kulipia samaki wakavu. Shaba iliyolala katika bonde moja lililozama ilinunua chakula kilichovuliwa katika bonde jingine linalozama.

Siku hizi, mafuriko yakiingia Bukama au Malemba-Nkulu, maneno ni ya mvua, na mara nyingine ya mabwawa. Mvua ndiyo inayojaza mto, hakuna ubishi. Lakini kijiji kilichojengwa juu ya matope mapya, ndani ya bonde linaloshuka, kitakutana na maji hata katika miaka ya mvua ya kawaida, na kuinua nyumba mita moja leo si suluhisho la wajukuu.

Si kila maji yanayopanda yametokana na ardhi, na mfano wa kinyume uko jirani. Verney Lovett Cameron alifika mwaka 1874 kwenye Lukuga, mlango wa Ziwa Tanganyika unaopeleka maji Lualaba. Mwaka 1876 Stanley alikuta mlango huo umezibwa na matope na matete, na ziwa linapanda. Miaka mitatu baadaye mmisionari Edward Hore aliona maji yakipita kwa nguvu: kizibo kilikuwa kimepasuka. Katika muda usiofika miaka 20 ziwa lilishuka kama mita 10, na ufuo wa Ujiji ukarudi nyuma. Hapo ardhi haikufanya lolote la maana. Ilikuwa habari ya kizibo tu, na anayetaka kueleza kila kitu kwa nyufa za dunia ataaibika Lukuga.

Jiwe la Celsius

Ulaya walichelewa kulielewa jambo hili. Mwaka 1731 Anders Celsius, yule ambaye jina lake liko kwenye kipimajoto, alichonga alama kwenye mwamba wa kisiwa cha Lövgrund, pwani ya Uswidi, mahali maji yalipofika. Wavuvi walikuwa wakilalamika kwamba bahari inawakimbia na bandari zinakuwa nchi kavu. Celsius aliamini maji ya dunia yanapungua. Alama yake leo iko zaidi ya mita 2 juu ya maji, lakini maji ya dunia hayakupungua. Uswidi ilikuwa chini ya barafu nene katika enzi ya mwisho ya baridi. Barafu iliondoka zaidi ya miaka 9,000 iliyopita na nchi bado inainuka, karibu sentimita moja kila mwaka kwenye sehemu zinazopanda zaidi. Gunia limeshatolewa zamani, mtumbwi bado unapanda.

Kuna jambo jingine gumu kidogo kuliamini. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inavuta maji ya bahari upande wake, kama mwezi unavyoyavuta. Ikiyeyuka, mvuto unapungua na ardhi chini yake inainuka, hivyo karibu na Greenland bahari inashuka. Maji yanakwenda mbali, na pwani za mbali, zikiwemo za Afrika ya joto, zinapata zaidi ya wastani. Anayeyeyusha barafu na anayelowa miguu si lazima wawe majirani.

Wastani wa dunia unajulikana: bahari ilipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho mwendo ulikuwa milimita 3.7 kila mwaka. Lakini hakuna meli inayotia nanga kwenye wastani.

Lobito, Banana, Dar es Salaam

Shaba ya Kolwezi inaondoka kwa barabara na reli kwenda Dar es Salaam, Durban na bandari nyingine za kusini, na kwa reli ya zamani ya Benguela kwenda Lobito. Reli hiyo iliunganishwa na ya Katanga mwaka 1931, vita vya Angola vikaifunga kuanzia 1975, na tangu 2023 kampuni mpya imepewa kuiendesha kwa miaka mingi ijayo. Mwanzoni mwa 2022 jiwe la msingi la bandari ya kina kirefu liliwekwa Banana, karibu na Muanda. Hizi ni kazi za nusu karne na zaidi. Gati likijengwa chini mno, maji yatalipita. Likijengwa juu bila sababu, fedha zimetupwa.

Mashariki, pwani ya Waswahili imeandikwa kwa matumbawe. Mombasa, na Fort Jesus yake iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekaa juu ya matumbawe yaliyoota baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na joto na bahari ilikuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Pale sehemu kubwa ya kisa ni ya maji.

Magharibi kisa ni kingine kabisa. Kwenye pwani ya Benguela, jirani na Lobito, kuna fukwe za zamani zilizobaki hewani, ngazi juu ya ngazi. Moja iko mita 25 juu ya bahari. Watafiti waliopima umri wa mchanga wake walichapisha matokeo mwaka 2016: ufukwe huo una miaka 45,000 hivi. Umri huo ndio unaoshtua. Miaka 45,000 iliyopita dunia ilikuwa katika enzi ya barafu na bahari ilikuwa chini sana, makumi ya mita chini ya leo. Ufukwe uliozaliwa kule chini uko mita 25 juu, maana yake pwani yenyewe imepanda karibu mita 100. Wanakisia kiasi cha milimita 2 kwa mwaka, na wanaona chanzo chake ni mawe ya moto yanayopanda chini ya Angola, nguvu ya namna ile ile iliyoinua uwanda wa kusini.

Linganisha na milimita 3.7 za bahari. Kama mwendo huo bado unaendelea pale, Lobito inapata nusu ya nafuu kutoka kwa ardhi yake yenyewe. Muanda haina ngazi za namna hiyo za kujivunia. Kingo zake ni udongo laini, mawimbi yanazila, na nyumba zimekwisha kuanguka. Hapo mambo ni mengi kwa wakati mmoja: bahari inapanda, mchanga unachukuliwa, na mwamba mgumu wa kushikilia haupo. Bahari moja, reli na barabara zinazotoka kwenye mgodi mmoja, lakini mhandisi wa Banana hawezi kuazima hesabu ya Lobito.

Na kuna kuzama kunakofanywa na watu. Jakarta, nchini Indonesia, imeshuka kwa mita kadhaa katika baadhi ya mitaa kwa sababu maji ya chini ya ardhi yalivutwa kwa visima mpaka udongo ukasinyaa. Huko bahari imeingia mjini bila kusubiri barafu ya mtu yeyote.

Ufukwe wa mita 25 bado uko juu ya mji wa Benguela, na reli inapita chini yake ikielekea Lobito, ambako shaba inashushwa kwenye mabehewa na kurudi baharini kwa mara ya pili.